Boti la Piusi na Jiwe la Mbulumbulu

Mang'ola, 8 Aprili 1979

Shemeji Martini,

Sisi wazima, ila injini ya boti inaumwa, na ndiyo iliyonikalisha chini nishike kalamu. Wewe unanijua, kuandika kwangu ni adhabu.

Sikiliza shida yenyewe. Ninaiwasha asubuhi inaitika vizuri kabisa. Tunatoka, tunakwenda, nimeanza hata kuimba. Tukifika katikati ya ziwa inaanza kukohoa, inapungua nguvu, inakata. Nikipumzika kidogo, nikaisukuma ile pampu ndogo ya mkono na kutoa hewa kama nilivyoona mafundi wakifanya, inawaka tena. Dakika chache, inakata tena. Juzi tulielea na magunia ya unga na akina mama wawili mpaka jua likawa limeinama, upepo ukatutupa kwenye matete. Mwenyekiti wa kijiji amekasirika, amepiga marufuku: hakuna abiria kwenye boti hilo mpaka lipone.

Mimi mtu wa Ukerewe, nimezaliwa majini. Usukani naujua. Lakini kwetu kila injini ilikuwa na fundi wake, mimi nilikuwa wa kushika usukani na kupiga kelele. Hapa fundi ni nani? Mimi huyo huyo. Na hii ni injini ya zamani ya dizeli, imekaa ndani ya tumbo la boti, si ya kuning'inia nyuma kwamba utaibeba begani uipeleke kwa mtu.

Sasa jambo lenyewe. Dada yako Bernadina bado yuko kazini ng'ambo kwenye zahanati, na mimba imeingia mwezi wa nane. Ziwa mwaka huu limejaa hatujawahi kuona, njia ya kuzunguka imezama yote. Wanaovuka kwa miguu ni warina asali tu, wanapita milimani wanakojua wenyewe, na mwanamke mwenye tumbo lile hawezi. Unakumbuka mtoto wetu wa kwanza alivyokaa vibaya tukampoteza. Daktari alisema wa pili azaliwe hospitali, asijaribu pengine. Basi ni boti hili tu, Martini, hakuna kingine. Na lazima liwe zima kabla mwezi wa tano haujaisha.

Wewe umezeeka ndani ya matrekta ya ngano. Njoo uitazame. Lori la vitunguu linashuka kila wiki, dereva ni rafiki yangu, utakaa mbele.

Mpe Mama mikono yetu. Mwambie yale maharage aliyotufungia mara ya mwisho yaliisha siku ile ile.

Shemeji yako,
Piusi


Mbulumbulu, 15 Aprili 1979

Shemeji Piusi,

Nimepata barua yako kwa mkono wa jirani yangu Hhando. Poleni na ziwa.

Injini inayowaka vizuri na kukata baadaye haina ugonjwa wake yenyewe, ina njaa. Mafuta hayaifikii. Fanya hivi.

Kwanza, dizeli ya siku hizi tangu vita vianze ni ya kuokoteza, ina maji na uchafu. Chota kidogo kutoka chini kabisa ya tangi, weka kwenye chupa nyeupe, acha itulie. Maji yatakaa chini. Ukiyaona, mwaga mpaka itoke dizeli tupu.

Pili, fungua chujio. Kama ni la kitambaa, lioshe kwa dizeli safi, usilioshe kwa petroli wala sabuni. Kama limegeuka tope, tafuta jingine.

Tatu, mfuniko wa tangi. Lazima uwe na tundu dogo la kuingiza hewa. Tundu likiziba, tangi linavuta mpaka linachoka, mafuta hayatoki. Matrekta mangapi nimeyaponya kwa mwiba wa mgunga tu.

Nne, pita bomba lote la mafuta kwa mkono. Penye tundu patakuwa na unyevu wa dizeli. Ukiona pakavu, bomba ni zima, liache.

Kuja siwezi. Ni msimu wa kulima ngano, trekta haliwezi kusimama.

Mama anawasalimu sana.

Martini


Mang'ola, 22 Aprili 1979

Shemeji,

Nimefanya yote. Maji nimeyakuta, kikombe kizima, nimeyamwaga. Chujio lilikuwa tope kweli, nimeliosha mpaka vidole vikachubuka. Tundu la mfuniko nimelizibua. Bomba nimelipapasa kutoka mwanzo hadi mwisho kama mtu anayetafuta kupe kwenye ng'ombe: kavu! Kavu kabisa, hata tone hamna. Nikasema asante Martini, nikaingia ziwani peke yangu.

Ikakata pale pale. Nimepiga kasia mpaka mikono ikawa si yangu.

Basi kichwa kimechoka. Lakini kuna mengine yanayonichosha zaidi ya injini, na leo nayasema, maana mimi siwezi kukaa na neno tumboni.

Barua yako umeiandika nyuma ya barua yangu mwenyewe. Nimekutumia karatasi, umenirudishia karatasi yangu! Huko Mbulumbulu karatasi zimeisha?

Halafu Hhando. Nimemwuliza, Martini hajambo? Anasema hajambo. Mmeongea? Anasema, "Tumeongea kwa mbali." Kwa mbali vipi, mtu na jirani yake? Nimembana mpaka akasema barua yangu aliiweka juu ya jiwe mpakani mwa shamba lako, akasogea, ndipo wewe ukaja kuichukua. Na ya kwako ukaiweka juu ya jiwe lile lile. Nikamwambia Hhando, mna ugomvi? Akacheka kicheko cha mtu asiyetaka kucheka, akasema lori linamwacha.

Na dereva wa lori anasema lile trekta la ushirika unaloendesha wewe ameliona barabarani linaendeshwa na mtu mwingine. Sasa hiyo ngano inayokuzuia unailima kwa kitu gani, kwa macho?

Shemeji, kama nimekukosea niambie. Kama ni kwa sababu mimi si Mwiraqw, hilo ungelisema siku ya mahari, si leo. Lakini anayesubiri ng'ambo si mtu wangu peke yangu. Ni dada yako, mmenyonya ziwa moja.

Kama kuja huwezi kabisa, basi niazime ile spana yako ndogo ya nati za bomba, na pete chache za shaba, zile washa. Mpe Hhando.

Piusi


Mbulumbulu, 28 Aprili 1979

Shemeji Piusi,

Hujanikosea. Shika hilo kwanza.

Spana siwezi kukupa, wala washa. Usiniulize kwa nini. Zitafute kwa mafundi wa gereji pale Karatu mjini, waambie ni mimi nimekutuma, watakusaidia. Karatasi pia usiniulize.

Turudi kwenye injini. Sielewi. Umetoa maji, umeosha chujio, umezibua mfuniko, bomba kavu. Trekta lingekuwa limeshapona. Nimelala nikiliwaza boti lako, na mimi boti sijawahi kulikanyaga, hata ziwa lenyewe naliona kwa mbali tu kutoka mlimani. Labda kuna kitu unakijua wewe na hukisemi kwa sababu unadhani kila mtu anakijua. Nichoree. Chora injini ilipo, chora tangi lilipo, chora bomba linavyopita. Usione aibu ya mchoro mbaya.

Bernadina ajitunze, asibebe ndoo. Mama anasema ale vizuri. Mama anawasalimu.

Martini


Zahanati ya Ng'ambo, 3 Mei 1979

Piusi,

Mrina asali amenifikishia barua zako zote pamoja na za Kaka, pande zote mbili za karatasi. Nimezisoma mara nyingi. Hapa hakuna cha kusoma kingine ila kadi za kliniki.

Acha kumgombeza Kaka. Nakuomba kama mkeo. Usimwulize tena habari ya jiwe, wala ya spana, wala ya kwa nini haji. Akikuambia kuja hawezi, basi hawezi. Mwulize ya injini tu, na akuambie ya injini tu.

Na Hhando mwache. Usimbane tena.

Mtoto anacheza sana. Kichwa nadhani bado kiko juu, napapasa mwenyewe lakini tumbo la mwenzako ni rahisi kulijua kuliko la kwako. Miguu imevimba. Naogopa, Piusi. Wengine ninawaambia wasiogope, kisha narudi chumbani kwangu nakaa kitandani naogopa. Nimewazalisha wanawake wengi hapa na najua kitu kinachoweza kunipata mimi ikiwa nitabaki hapa peke yangu.

Njoo unichukue. Hata kwa kasia.

Bernadina


Mang'ola, 5 Mei 1979

Shemeji Martini,

Mke wangu ameniamuru nisikuulize chochote ila injini. Sijui mmepatana lini nyie wawili, na kwa njia gani, maana barua zote zinapita kwangu! Ukoo wenu mnanichanganya. Basi sawa, nimefunga mdomo.

Mchoro huu hapa. Usicheke. Kile kinachofanana na mbuzi ndiyo injini. Mistari ya chini ni mbao za kukanyagia. Chini ya mbao hizo, kwenye uvungu kabisa, ndipo tangi lilipo, limelala kama sanduku. Lingekaa wapi pengine? Boti likibeba uzito juu linapinduka, hata mtoto wa Ukerewe anajua. Bomba linatoka kwenye tangi, linapita chini ya mbao, limebanwa kwa vibanio ubavuni, linapanda mpaka kwenye pampu ya injini.

Spana nimepata Karatu. Fundi wa gereji aliposikia jina lako akanipa, akasema "Mpe pole." Pole ya nini? Nikamwuliza, akaingia chini ya gari. Kila mtu wa huko akiulizwa anaingia chini ya kitu.

Ziwa lina mawimbi. Nisaidie.

Piusi


Mbulumbulu, 10 Mei 1979

Piusi!

Tangi liko CHINI ya injini? Mungu wangu. Na mimi muda wote naliwaza liko juu!

Nisamehe. Kwenye trekta tangi linakaa juu, mbele ya uso wa dereva, na mafuta yanashuka yenyewe. Bomba likipasuka, yanadondoka, unayaona, unaweka kidole. Ndiyo maana nilikuambia pakavu ni pazima. Nimekudanganya bila kujua.

Kwako mafuta hayashuki, yanavutwa kupanda. Bomba lililopasuka halitoi tone nje, linaingiza hewa ndani. Kwa hiyo utalipapasa mpaka kesho, ni kavu, na ndilo bovu. Tundu halionekani, lakini pampu inavuta mafuta na hewa pamoja, hewa inajaa kidogo kidogo, na ukifika katikati ya ziwa imekwishajaa, injini inakata.

Usipoteze muda kutafuta tundu sasa. Fanya hivi. Chukua dumu la dizeli safi, lipitishe kwenye kitambaa kwanza. Lifunge kwa kamba imara mahali palipo juu kuliko injini, kwenye nguzo ya kivuli au juu ya benchi. Fungua bomba lile la chini pale linapoingia kwenye pampu. Badala yake unganisha mpira mzima kutoka kwenye dumu, ubane kwa waya. Mfuniko wa dumu ulegeze, lipate hewa. Kisha toa hewa yote kwenye chujio na pampu mpaka itoke dizeli isiyo na povu. Boti lako litakuwa trekta.

Dumu likikaribia kuisha ongeza, usisubiri. Likiisha, hewa inaingia, na utarudi pale pale.

Ukishamfikisha Bernadina ndipo ulitafute tundu: unganisha dumu la juu na mdomo wa bomba bovu, na ncha ya huko chini izibe kwa kidole. Mafuta yakilisukuma kutoka juu, tundu litajionyesha lenyewe kwa kudondoka. Tazama kwanza penye vibanio, bomba linasuguliwa hapo.

Nenda kamchukue. Usimwambie lolote njiani la kumtia wasiwasi. Mwambie wote wazima huku. Mama anamsalimu.

Martini


Mang'ola, 24 Mei 1979

Kaka Martini,

Ni mimi Bernadina. Mtoto amezaliwa. Ni wa kike. Alikaa vibaya kama kaka yake, lakini tulikuwa hospitali, wakanipasua, na analia kwa nguvu. Nimeanza na hili ili usome mengine umetulia.

Piusi alikuja na boti likiwa na dumu limefungwa juu kama mzigo wa punda. Mwenyekiti alimruhusu baada ya Piusi kuzunguka na boti hilo mbele ya gati mpaka watu wakachoka kutazama. Uchungu wa mzaha mzaha ulikuwa umenianza. Nilipanda nikalala kwenye magunia, tukaondoka. Injini haikukohoa hata mara moja. Piusi akaanza kuimba.

Tulipofika katikati ikakata.

Kaka, nilijua ni mimi. Nilikaa nikasema, "Piusi, nisamehe, ni mimi ninayelikwamisha hili boti, sikupaswa kuwa juu ya maji." Akanitazama kama nimepatwa na homa. Nikamweleza yote. Nikamwambia kwetu Wairaqw ikitokea kifo cha namna fulani, nyumba nzima inakaa metimani: hawatoki, hawashikani mikono na watu, kitu chao hakiendi nyumba nyingine, hawakaribii maji ya watu. Ndiyo maana Kaka haji. Ndiyo maana spana haikutoka. Ndiyo maana aliandika kwenye karatasi zako, Piusi, na Hhando anaziweka juu ya jiwe. Ukiniambia jiwe, mimi mtoto wa Mbulumbulu nahitaji kuambiwa nini tena? Na nikamwambia ni Mama aliyekufa. Nikalia hapo katikati ya ziwa, nililia kwa sauti, maana tangu nizisome barua zile nilikuwa sijalia. Ningelia zahanati wangeniuliza, na nikiulizwa ningesema, na nikisema ningekuwa nimefungwa kama nyie, nisingeweza kuvuka.

Piusi akasimama akaliangalia dumu, akalitikisa. Lilikuwa tupu, Kaka. Alikuwa anaimba akasahau kuongeza mafuta. Akasema, "Bernadina, si wewe, ni huyu mjinga mwenye sauti nzuri." Akajaza, akatoa hewa, ikawaka. Nimeungama yote kwa ajili ya dumu tupu.

Usidhani nakulaumu. Najua ulivyofikiri, maana ndivyo Baba Mdogo Josephati anavyosema siku zote: asiyesikia msiba bado hajaingia metimani. Ukaona unifiche ili nivuke nikiwa sijui. Na mimi nikakuficha kwamba najua, ili usiwe na dhambi ya kunivusha. Tumefichana kitu kimoja, kila mtu akidhani ndiye anayembeba mwenzake.

Lakini Kaka, kudanganya hujui. Umeandika mara tatu "Mama anawasalimu." Salamu tupu! Lini Mama alituma salamu tupu? Tangu niolewe hakuna barua iliyotoka pale bila kifundo cha maharage, au ngano ya kukaanga, au hata majani ya dawa yaliyokwisha kunyauka. Nilipoiona ya kwanza nikatikisa bahasha. Ya pili nikaitikisa tena. Ya pili ilisema Mama anasema nile vizuri, na humo ndani hamna hata punje moja ya kula. Hapo nikajua sina Mama.

Sijui amekufaje. Sijui alikuwa kisimani au shambani au kitandani. Sijui kama aliniita. Hilo usiliandike. Utaniambia kwa mdomo siku wazee watakapowafungulia, nami nitakuwa nimekaa, mtoto yuko mgongoni.

Sasa nimesikia na nimesema, basi na mimi nimo. Padri akijua atanigombeza, na agombeze. Niko ndani ya nyumba yetu hapa Mang'ola, sitoki, sishiki mkono wa mtu. Maji anachota Piusi. Anakwenda mferejini na ndoo kichwani, wanaume wanamcheka, anawajibu matusi ya Ukerewe wasiyoyaelewa. Mtoto amepewa jina la Mama, Antonia. Piusi ndiye aliyelitaka kabla sijafungua mdomo.

Tundu la bomba amelipata. Lilikuwa chini ya kibanio kama ulivyosema, dogo, hata sindano ya kushonea ingelia kupita. Ameliziba, lakini dumu hataki kulitoa, anasema sasa ni sehemu ya boti.

Karatasi ya barua hii kaileta Hhando, naye ataiweka juu ya jiwe. Pembeni yake kutakuwa na kifurushi. Ni vitunguu vya hapa. Amevichimba Piusi, amevifunga Piusi, mimi sijavigusa hata kwa kidole, kwa hiyo unaweza kuvila.

Dada yako,
Bernadina